Mada ya 9: Kugawa Seva Moja Kuwa Seva Nyingi na Kuzisimamia kwa Mstari wa Amri

Ingia ghorofa lolote la maduka Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi au Mtaa wa Narung'ombe, utaona jambo ambalo huenda umelizoea hata hulitilii maanani. Fremu moja, iliyojengwa kwa ajili ya duka moja, ina wauzaji wanne. Mmoja anauza kava za simu, wa pili saa, wa tatu pochi, wa nne manukato. Kati yao kuna ubao mwembamba au kioo. Kila mmoja ana meza yake, daftari lake na wateja wake, na akifunga biashara leo wengine hawalazimiki kufunga. Lakini paa ni moja, mlango wa chuma ni mmoja na mita ya LUKU ni moja. Umeme ukiisha, wote wanne wako gizani.

Ukiielewa fremu hiyo, nusu ya mada hii umeshaimaliza. Seva ni kompyuta yenye nguvu inayohudumia kompyuta nyingine. Mara nyingi nguvu hiyo ni kubwa kuliko mahitaji ya kazi moja, kwa hiyo tunaigawa katika sehemu pepe. Kila sehemu pepe hujiona kuwa kompyuta kamili: ina prosesa yake, RAM yake, diski yake na mfumo endeshi wake. Kwa kweli vyote hivyo ni mgawo kutoka kwenye mashine moja ya chuma.

Mtahiniwa asichanganye hapa. Kugawa diski katika sehemu C na D ni kugawa diski peke yake, na mfumo endeshi unabaki mmoja. Kutengeneza sehemu pepe ni kugawa kompyuta nzima, na kila sehemu hupata mfumo endeshi wake. Ukiulizwa tofauti ya mambo haya mawili, sentensi hizo mbili zinatosha.

Maneno ya kuyamudu

Programu inayogawa rasilimali za seva na kuzilinda mipaka huitwa haipavaiza. Ndiyo mwenye nyumba wetu. Mashine ya chuma inayogawanywa huitwa mwenyeji, na kila sehemu pepe huitwa mgeni. Haipavaiza za aina ya kwanza hukaa moja kwa moja juu ya mashine. Za aina ya pili hukaa juu ya mfumo endeshi wa kawaida, kama programu nyingine yoyote. Aina ya kwanza hutumika kwenye seva za kazi nzito kwa sababu hakuna tabaka la ziada la kupita. Aina ya pili inafaa kwa kujifunzia, kwa mfano kwenye kompyuta ya maabara ya shule.

Wazo hili ni la zamani kuliko watahiniwa wengi wanavyodhani. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Zama zile mashine moja ilikuwa mali ya taasisi nzima, na gharama yake haikuruhusu kila idara kupewa yake. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, uliowezesha watumiaji wengi kuishi ndani ya mashine moja kubwa, kila mmoja akiona kompyuta yake. Wakati teknolojia hiyo ikikua kwingine, hapa kwetu Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo sura hiyo ya historia ilitupita kando. Kwenye kompyuta ndogo za kawaida mambo yalikuja baadaye: VMware mwaka 1999, Xen mwaka 2003, kisha KVM ikaingizwa ndani ya Linux mwaka 2007. Mifano yote ya mada hii inatumia KVM, kwa sababu ni ya bure na unaweza kuijaribu mwenyewe kwenye kompyuta yoyote yenye Linux ambayo prosesa yake inaikubali.

Kwa nini mstari wa amri?

Mwanafunzi aliyezoea simu huuliza: kwa nini niandike amri wakati kuna vitufe vya kubonyeza? Swali ni halali. Jibu la kwanza ni umbali. Seva inaweza kuwa stoo ya ghorofa ya nne Kariakoo na fundi wake yuko Mbagala. Kwa SSH anafungua dirisha la maandishi na kuandika amri, na data inayosafiri ni herufi chache tu. Hata bando dogo linatosha. Picha za skrini nzima zingekula bando na kukwamakwama.

Jibu la pili ni kumbukumbu. Amri huandikwa, kwa hiyo hunakiliwa, hurudiwa kesho bila kusahau hatua, na hukaguliwa pale jambo linapoharibika. Huwezi kumwambia mwenzako "nilibonyeza pale juu kidogo" ukategemea arudie kitu kilekile.

Hasara nayo ipo, na mtahini hupenda uitaje: mstari wa amri hausamehe. Ukikosea herufi moja, ama amri inakataa, ama (hili ndilo baya) inatekeleza kitu kingine bila kukuuliza mara mbili.

Umbo la amri

Kwenye KVM chombo chetu huitwa virsh. Amri zake zina umbo moja: jina la chombo, kitendo, jina la sehemu pepe, kisha vigezo vya ziada. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mfanyabiashara wa vitenge vya jumla ana seva moja yenye sehemu pepe tatu. Ya kwanza inaitwa stoo, nayo ina hesabu ya mzigo. Ya pili inaitwa risiti, ina mfumo wa mauzo unaotoa risiti za kielektroniki, zile ambazo TRA ilianza kuzidai kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT mwaka 2010. Ya tatu inaitwa kamera, inarekodi video za ulinzi.

Amri ya kwanza kwa kila fundi mwenye akili ni ya kutazama, kabla ya kugusa chochote:

virsh list --all

Jibu lake linafanana na hili:

Id   Name     State
1    stoo     running
2    risiti   running
-    kamera   shut off

Soma safu ya mwisho. Stoo na risiti zinafanya kazi, kamera imezimwa. Kigezo --all ni muhimu. Bila hicho, sehemu zilizozimwa hazionekani kabisa, na fundi mgeni anaweza kuamini kuwa kamera imefutwa. Kila sehemu iliyowashwa hupewa namba, na iliyozimwa huwekewa kistari.

Kuiwasha kamera:

virsh start kamera

Kuona imepewa nini:

virsh dominfo kamera

Hapo utaona idadi ya prosesa, RAM ya juu kabisa inayoruhusiwa na RAM inayotumika. Na ukitaka risiti ijiwashe yenyewe kila seva inapowaka, kwa mfano baada ya umeme kukatika usiku:

virsh autostart risiti

Watu wengi huisahau amri hii ya mwisho. Asubuhi umeme umerudi, mwenyeji amewaka, lakini wageni wamelala, na dukani kuna foleni.

Kuzima: amri mbili zinazochanganywa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo alama hupotea na ndipo kazi za watu hupotea.

virsh shutdown risiti

Amri hii ni ombi. Mwenyeji anamwambia mgeni, "Tafadhali funga." Mgeni anahifadhi faili, anafunga hesabu, kisha anazima. Jambo la kuzingatia ni kwamba virsh inakurudishia nafasi ya kuandika mara moja, wakati mgeni bado anafunga. Kwa hiyo usidhani imekwisha. Andika tena virsh list --all mpaka uone shut off.

virsh destroy risiti

Amri hii ni sawa na kuchomoa waya ukutani. Hakuna ombi wala kusubiri. Miamala iliyokuwa nusu njiani inaweza kuharibika. Jina lake linatisha kuliko ukweli, kwani tafsiri yake ni "teketeza". Watahiniwa wengi huandika kwamba destroy hufuta sehemu pepe pamoja na diski yake. Si kweli. Diski inabaki, maelezo ya sehemu yanabaki, na unaweza kuiwasha tena kwa virsh start. Amri inayoondoa sehemu kwenye orodha ya mwenyeji ni virsh undefine, na hata hiyo, ikitumika bila kigezo cha ziada, haigusi faili la diski.

Kwa hiyo mpangilio sahihi ni huu: shutdown kwanza, angalia, subiri dakika chache, angalia tena. Destroy ni ya mwisho, pale mgeni ameganda na hasikii.

Kugawa bila kupunjana

Seva yetu ina viini 8 vya prosesa, RAM GB 32 na diski ya GB 1000. RAM tumeigawa hivi: stoo GB 10, risiti GB 6, kamera GB 8. Jumla ni GB 24. Mwenyeji mwenyewe tumemwachia GB 4. Zinabaki GB 4 za akiba.

Kwa nini mwenyeji apewe? Kwa sababu naye ni kompyuta. Ukigawa zote 32 kwa wageni, mwenyeji atabanwa na ataanza kutumia diski badala ya RAM, na wageni wote watakuwa wazito. Ni kama mwenye fremu aliyepangisha mpaka njia ya kuingilia.

Kati ya rasilimali hizo tatu, prosesa ndiyo rahisi kukopeshana. Wageni watatu wanaweza kuahidiwa viini vinne vinne, jumla 12, juu ya seva yenye 8, kwa sababu ni nadra wote kufanya kazi nzito kwa sekunde ileile. Wakigongana, kila mmoja anapunguza kasi, basi. RAM haikopesheki kwa urahisi hivyo. Na diski, kama utakavyoona, inakopesheka mpaka siku moja inapokataa kwa wote.

Kubadilisha RAM ya sehemu inayofanya kazi:

virsh setmem stoo 8G --live

Kigezo --live maana yake mabadiliko ni ya sasa hivi. Ukiweka --config, mabadiliko yataanza sehemu itakapowashwa tena. Kuna mitego miwili. Kwanza, huwezi kupita kiwango cha juu kilichowekwa. Ukitaka kupita, badilisha kwanza kiwango hicho kwa virsh setmaxmem stoo 12G --config, kisha zima na uwashe. Pili, usisahau herufi G. Bila herufi, virsh huhesabu kwa kilobaiti, na mtu aliyeandika 8 akimaanisha GB 8 amemwachia mgeni kiasi kisichotosha hata kuhifadhi ukurasa mmoja wa picha.

Mfano mkubwa: duka linasimama siku ya mauzo

Soma tatizo hili taratibu. Maswali ya kueleza na kukokotoa kwa pamoja huja kwa sura hii.

Diski ya GB 1000 imeahidiwa hivi: stoo GB 300, risiti GB 200, kamera GB 600. Jumla ya ahadi ni GB 1100, na mwenyeji naye anatumia GB 50. Mbona imewezekana? Kwa sababu faili la diski la mgeni halianzi likiwa kubwa. Linaanza dogo na kukua kadiri mgeni anavyoandika. Mgeni ameambiwa ana GB 600, lakini mwanzoni anatumia GB 5. Mwenyeji anaweka ahadi akitegemea kwamba wote hawatadai kwa pamoja. Mnaocheza upatu mnaielewa hesabu hii: mambo yanakwenda vizuri hadi pale watu wawili wanapotaka zamu moja.

Sasa stoo imefikisha matumizi ya GB 250 na risiti GB 160. Fundi anafunga kamera nne, kila moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde, mchana na usiku. Programu ya kamera imepangwa ifute video za zamani pale diski yake inapokaribia kujaa.

Kokotoa. Kamera 4 × megabiti 2 = megabiti 8 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ni megabaiti 1 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Hivyo kwa siku kamera zinaandika MB 86,400, yaani GB 86.4 (tukichukua GB 1 kuwa MB 1000).

Nafasi halisi iliyobaki kwenye diski ya mwenyeji ni 1000 − 50 − 250 − 160 = GB 540. Ukigawanya 540 kwa 86.4 unapata siku 6.25. Kwa hiyo siku ya saba asubuhi diski ya mwenyeji imejaa.

Tazama ubaya wake. Siku hiyo programu ya kamera inaona imetumia GB 540 kati ya 600. Kwa macho yake bado kuna GB 60, kwa hiyo haifuti kitu. Mgeni hana njia ya kujua kwamba mwenyeji hana tena cha kumpa. Sasa weka siku hiyo ya saba iwe siku mbili kabla ya Idi, pale wateja wa mikoani wanapofunga mizigo. Mgeni yeyote anayejaribu kuandika anakosa nafasi. KVM, kwa kawaida yake, haimwachi mgeni aandike ovyo, bali inamsimamisha palepale. Fundi akiandika virsh list --all anaona:

Id   Name     State
1    stoo     paused
2    risiti   paused
3    kamera   paused

Neno paused linamaanisha amesimamishwa, hajazimwa. Risiti haitoki. Mteja amelipa, mzigo uko mlangoni, na karani haruhusiwi kuuachia bila risiti.

Fundi mwenye papara ataandika virsh destroy risiti, kisha virsh start risiti. Amepoteza miamala iliyokuwa ndani ya RAM, na akiwasha, risiti itasimama tena kwa sababu diski bado imejaa. Fundi aliyesoma anauliza kwanza:

virsh domblkerror risiti

Amri hii humwonyesha kosa la diski, kwamba nafasi imekwisha. Kisha, kwenye mwenyeji:

df -h

Hapo anaona asilimia 100. Kisha anatafuta mlaji:

virsh domblkinfo kamera vda --human

Hapa anaona ahadi (GB 600) na kilichochukuliwa hasa (GB 540). Mlaji amejulikana.

Sasa uamuzi. Wengine hupendekeza kuingia ndani ya kamera na kufuta video. Hili lina matatizo mawili. Mgeni aliyesimamishwa hawezi kufanya kazi yoyote, na hata angeweza, kufuta faili ndani ya mgeni hakurudishi nafasi kwa mwenyeji papo hapo isipokuwa sehemu iliandaliwa maalumu kwa hilo. Faili la diski likishakua, linabaki na ukubwa wake.

Njia bora ni kumtoa kafara asiye na thamani kubwa. Video za ulinzi za wiki iliyopita zina faida, lakini si kama miamala ya leo. Kwa kuwa kamera imesimamishwa na haiwezi kusikia shutdown, hapa destroy ni halali:

virsh destroy kamera

Mlaji amenyamazishwa. Kisha fundi anafuta kwenye mwenyeji mafaili yasiyohitajika, kwa mfano faili la kusakinishia mfumo endeshi lililoachwa tangu siku ya kwanza, tuseme GB 4. GB 4 ni chache kwa kamera, lakini kwa maandishi ya risiti ni nyingi mno. Kisha:

virsh resume risiti
virsh resume stoo

Wageni wanaendelea kutoka pale waliposimama, na RAM yao iko vilevile. Duka limefunguka. Kuhamisha faili la kamera la GB 540 kwenda diski ya nje, kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, kunachukua sekunde 5,400, yaani saa moja na nusu. Kazi hiyo ingoje usiku.

Dawa ya kudumu ni hesabu ya ahadi. Mwenyeji 50 + stoo 300 + risiti 200 + kamera 400 = GB 950, na akiba ni GB 50. Kamera itatunza 400 ÷ 86.4 = siku 4.6, yaani siku nne kamili. Mwenye duka akitaka wiki mbili, anunue diski nyingine. Hapo hakuna amri itakayomsaidia. Na usijaribu kupunguza diski ya kamera kutoka 600 hadi 400 ikiwa na data. Kuongeza diski ni salama kiasi, kupunguza huharibu. Tengeneza diski mpya ya GB 400, iunganishe, kisha ondoa ya zamani.

Nakala rudufu

Picha ya hali ya sehemu pepe, inayotengenezwa kwa virsh snapshot-create-as, hukuwezesha kurudi nyuma ukikosea. Ifanye kabla ya kubadilisha programu. Lakini ikikaa kwenye diski ileile, diski ikifa nayo imekufa, kwa hiyo usiiite nakala rudufu mbele ya mtahini.

Vilevile virsh dumpxml risiti > risiti.xml huhifadhi maelezo ya sehemu (prosesa ngapi, RAM kiasi gani, diski ipi) na si data. Ni sawa na kuwa na mkataba wa pango bila bidhaa. Unahitaji vyote viwili: faili la maelezo, na faili la diski lililonakiliwa sehemu ikiwa imezimwa.

Vikae wapi? Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Wafanyabiashara walipoteza mali, na aliyekuwa na daftari la madeni ndani ya kizimba alipoteza na daftari. Sehemu pepe kumi ndani ya seva moja ni daftari kumi ndani ya kizimba kimoja. Kutenganishwa kwao ni kwa programu tu, na moto, maji na mwizi hawaijui programu. Nakala moja lazima iwe jengo jingine.

Je, intaneti haitoshi? Inasaidia. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Aliyetegemea kutuma nakala nje ya nchi kila usiku hakutuma. Diski ya nje inayobebwa kwenda nyumbani kila Jumamosi haina uhusiano na bahari.

Majina hubadilika, vitendo havibadiliki

Usikariri virsh peke yake. Kwenye seva za HP-UX, kazi zilezile hufanywa na vparstatus (kutazama), vparcreate (kutengeneza), vparboot (kuwasha), vparmodify (kubadilisha mgawo) na vparremove (kuondoa). Ukikutana na mfumo usioujua, tafuta vitendo hivyo vitano na kile cha kuzima. Orodha ya amri hupatikana kwa kuandika help au man.

Swali lililojibiwa

Eleza kwa nini fundi hapaswi kuanza na virsh destroy sehemu pepe inapoacha kujibu. (Alama 4)

Jibu dhaifu: "Kwa sababu destroy inaharibu seva." Hili lina kosa la ukweli na halina maelezo. Hupati kitu.

Jibu linalolipa: "Amri ya destroy huzima sehemu pepe ghafla bila kuipa nafasi ya kuhifadhi kazi, hivyo data iliyo kwenye RAM hupotea na faili zinaweza kuharibika. Fundi aanze kwa virsh list --all kujua hali. Ikiwa ni paused, tatizo linaweza kuwa diski ya mwenyeji kujaa, na kuzima hakutalitatua. Ikiwa ni running, atumie shutdown na kusubiri. Destroy itumike njia nyingine zikishindikana." Hesabu hoja: hasara, kutazama hali, sababu mbadala, njia sahihi. Nne kwa nne.

Maswali ya kujipima

1. Seva ina RAM GB 64. Mwenyeji anahitaji GB 6 na akiba iwe GB 8. Sehemu pepe ngapi za GB 10 kila moja zinawezekana? Onyesha njia.

2. Kamera 6 zinarekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde kila moja. Kokotoa GB zinazohitajika kwa siku 3.

3. Taja tofauti kati ya virsh shutdown, virsh destroy na virsh undefine.

4. Fundi ameandika virsh list na hakuiona sehemu iitwayo mishahara. Toa sababu inayowezekana zaidi na amri ya kuthibitisha.

5. Mwenye duka anasema, "Nina sehemu pepe tatu, kwa hiyo hata seva ikiungua nina mbili za akiba." Mjibu kwa sentensi zisizozidi tano.

Majibu ya kukokotoa: 1. 64 − 6 − 8 = 50; 50 ÷ 10 = sehemu 5. 2. 6 × 4 = megabiti 24 kwa sekunde = MB 3 kwa sekunde; 3 × 86,400 = MB 259,200 = GB 259.2 kwa siku. Kwa siku 3 ni GB 777.6.